Yai Bila Chumvi kwa Watu wa Mashine

Tangu nistaafu na kutundika tabliye yangu, aproni ya kupikia, kwenye msumari wa jikoni, halipiti juma bila mmoja wenu, wapishi vijana, kushuka kutoka hospitalini hadi hapa mtaani Katuba. Anajifanya amekuja kunisalimu, na kabla hajamaliza chai yangu anauliza: "Papa Kasongo, bantu ya machine banakulaka nini asubui?" Nimewajibu sana. Sasa nimejipatia daftari. Mwenye swali atasoma, na chai atakunywa kwake. Vyeo na mishahara sitaviandika, maana vyeo vilipita mbali na jiko letu, na mishahara mliiona wenyewe.

Kazi nilianzia kantini ya kiwanda cha kuyeyusha shaba, chini ya bomba lile refu la moshi. Watu wa tanuru walitokwa jasho mpaka nguo zikikauka zinabaki na alama nyeupe mgongoni, na amri ilikuwa moja: wapewe chumvi. Chumvi kwenye mchuzi, chumvi kwenye maharagwe, chumvi hata kwenye maji ya kunywa. Mkono wangu ulizoea kuitupa kama mtu anayelisha kuku. Siku nilipoitwa ofisini na kuambiwa kwamba hospitali ya kampuni imepata mashine ya kusafisha damu, na inatafuta mpishi anayeweza kusoma karatasi ya daktari kwa Kifaransa, hakuna aliyeuliza kama mpishi huyo anajua kupika bila chumvi. Na mimi sikuwakumbusha. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi kwa mapadri, nikavaa abakosti, koti langu la pekee la heshima, nikaenda.

Aliyenipokea ni Mama Ngalula, muuguzi mkuu wa chumba cha mashine, mtu wa Kasai, mfupi, mwenye sauti ambayo hata madaktari waliifuata. Alinisimamisha mbele ya mashine. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, ina pipa la maji na mipira ya kupitishia damu, na ilinguruma kutwa.

"Hawa bantu figo yabo ilichoka," akaniambia kwa Kiswahili chetu, ambamo njo ni ndiye au ndiyo. "Machine njo inakojoa pa nafasi yabo, mara mbili kwa juma. Ile siku zingine, njo weye na miye tunachunga damu yabo na chakula. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akanipa karatasi ya vitu vilivyokatazwa. Chumvi ilikuwa ya kwanza, imepigiwa mistari miwili. Kisha ndizi, machungwa, avoka, maharagwe, karanga, nyanya, kisombe cha majani ya muhogo, maziwa mengi, na ndakala, vile visamaki vikavu vya kulia bukari, ugali wetu. Chini kabisa waliandika kwamba hata maji yanapimwa. Niliisoma mara mbili nikitafuta asubuhi ya mtu wa Lubumbashi imebaki wapi.

"Mama, sasa inabakia nini?"

"Inabakia akili yako," akasema, akaenda zake.

Watu wa mashine walikuja Jumatatu na Alhamisi, na kituo chao cha kwanza kilikuwa mizani. Mizani ikisema mtu ameongezeka tangu juzi, hakunenepa, amekunywa, na Mama Ngalula alimwangalia kama mtu aliyekamatwa na magendo mpakani Kasumbalesa. Ndipo nilipojifunza jambo langu la kwanza: chai imiminwe kwenye kikombe cha kahawa. Kikombe kidogo kilichojaa humfurahisha mtu kuliko kikubwa kilichofika nusu, ingawa maji ni yale yale. Mwenye kiu mpe kipande cha limau anyonye. Yai lisikose, kwa sababu mashine ikisafisha damu huondoka pia na nguvu ya mwili, na yai huirudisha. Yetu yalitoka shamba la kampuni, na yalipoadimika yaliletwa na malori kutoka Zambia, kwa hiyo niliwahi kukaanga mayai mengi yaliyokwisha kuvuka mpaka nami sijauona.

Sasa niwaambie habari za Papa Ilunga.

Alikuwa mtu wa tanuru, mkubwa wa mabega, ambaye figo zilimshinda kabla ya pensheni. Mkewe, Mama Numbi, alimleta kutoka mtaa wa Kamalondo akiwa amemshika mkono, na akamngoja kwenye benchi la mlangoni mpaka amalize. Papa Ilunga aliiita mashine bibi yake ya pili. "Huyu ananishika saa tano, haniachiliye," aliwaambia wenzake, na Mama Numbi alijibu kutoka kwenye benchi: "Wa pili anashika, hapikake. Wa kwanza njo anachoka!"

Yai langu la kwanza alilitafuna, akalishikilia shavuni, akaniita kijana kwa Kifaransa.

"Petit, weye njo ulikuwa ku kantini?"

"Njo miye, papa."

"Kampuni ilinipa chumvi miaka yote pa tanuru. Sasa kampuni ile ile inaninyima. Nilikosa nini?" Kisha akatoa hukumu: "Hii mayayi iko skori."

Mtu wa nje ya Lubumbashi aelewe kwamba skori ni takataka ya tanuru, ile inayoenda kumwagwa kwenye mlima mweusi. Papa Ilunga alipima kila kitu duniani kwa ngazi tatu: skori, halafu shaba chafu, halafu katode, yaani shaba safi isiyo na doa. Mkewe alikuwa katode, Mama Ngalula pia, kwa sababu ya woga. Yai langu lilibaki skori Jumatatu na Alhamisi, Jumatatu na Alhamisi.

Mwanzoni tulicheka. Halafu sahani yake ikaanza kurudi jikoni imejaa. Mzee huyu wa mabega akaanza kukonda, nguo zikawa za mtu mwingine. Alhamisi moja akanisukumia sinia, akasema taratibu, bila mchezo: "Kasongo, juma inakuya sitarudia. Nitakaa kwangu, nikule bukari na ndakala, nikufe na utamu mu kinywa." Mgonjwa mwingine alikuwa amesema hivyo hivyo kabla yake, na kitanda chake kilikwisha kupata mtu mwingine. Niliogopa. Nilimpenda yule mzee, na asiyekula mimi ndiye mpishi wake.

Nikaenda nyumbani nimenuna. Mama yangu mzazi alikuwa akikaa kwangu. Aliponiuliza nikamweleza: mzee anakufa kwa kukosa chumvi, na daktari amekataza chumvi.

"Daktari alikataza chumvi gani?" akauliza mama. "Ile ya magasini?"

"Iko ingine?"

Akaniangalia kama mtoto aliyepotelewa na akili mjini. Nyinyi mliozaliwa hapa mtaa wa lami hamjui, lakini wazee wetu hawakungoja duka lifunguliwe. Walikata majani ya bwawani, wakayachoma, wakaweka majivu kwenye chungu chenye matundu chini, wakamimina maji juu. Yanayochuruzika huchemshwa mpaka yakauke, na chini ya sufuria hubaki chumvi ya kijivu, yenye ukali kidogo, inayolainisha hata mboga ngumu. Mama alikuwa na chungu hicho nyuma ya nyumba. "Hii haina chumvi ya bazungu," akasema. "Hii iko majani tu." Akanijazia kopo la maziwa ya unga.

Niliona ni akili yangu inayofanya kazi, ile niliyoambiwa imebaki. Karatasi ilikataza chumvi, nami sikutia chumvi, nilitia majani. Sikumuuliza Mama Ngalula. Niliwaza atauliza mengi, na nilitaka nisifiwe kwanza. Alhamisi iliyofuata nilinyunyiza kidogo juu ya yai, na Papa Ilunga, ambaye mkewe alikuwa amemburuta mpaka kitandani, alikula mpaka akapangusa sahani kwa mkate.

"Shaba chafu!" akapiga kelele chumba kizima kisikie. "Imetoka mu skori!"

Nilijiona mkubwa kuliko mkurugenzi. Na kwa ukubwa huo nikafanya la pili: nilijibakizia vijiko viwili, na alipokuwa anaondoka nikampa Mama Numbi kopo, ampikie nalo nyumbani, kila siku, bila hofu. Mama wa watu akanishika mikono miwili, akasema aksanti karibu kulia.

Jumatatu Papa Ilunga hakuingia kwa miguu. Wanaume wawili walimbeba. Miguu haikumshika, maneno yalitoka polepole, na alikuwa hachezi na mtu. Daktari alimwekea nyaya kifuani, akatazama karatasi inayotoka kwenye kimashine cha moyo, akaita sindano kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Wakaanza kumuunganisha na mashine bila hata kupita kwenye mizani. Nilifika mlangoni na sinia langu wakati Mama Ngalula amemgeukia Mama Numbi.

"Mama, potassium iko juu sana mu damu. Moyo yake inataka kusimama. Ulimupa nini? Ndizi?"

"Sikumupa ndizi!"

"Maharagi? Kalanga? Sema kweli, tumusaidie!"

"Mama, naapa mbele ya Mungu, nilifuata karatasi yenu! Hata ndizi moja haikuingia mu nyumba!"

"Basi potassium ilitokea wapi? Ku mbingu?"

Mama Numbi akaanza kulia, mikono kichwani, akijiuliza mwenyewe kwa sauti ni kosa gani alilofanya.

Hapa ndipo nataka msome vizuri. Mimi nilikuwa mlangoni. Neno potassium nililiona kwenye karatasi ya kwanza, pembeni ya ndizi, na nilipotazama yai kwenye sinia, na ule unga wa kijivu juu yake, nilielewa. Nilielewa kabla ya daktari. Na sikusema. Niliwaza kazi, niliwaza nyumba ya kampuni, niliwaza watoto walio kwenye shule ya kampuni. Niliwaza pia, Mungu anisamehe, kwamba mama huyu atagombezwa leo na kesho watasahau. Nilikaa kimya muda wa kumenya yai moja. Ukiwa unamenya yai ni muda mfupi. Mbele ya mwanamke anayelia kwa kosa lako ni mrefu sana, na nilikwenda hatua mbili nyuma kuelekea jikoni.

Kilichonirudisha ni lile kopo. Liko Kamalondo, nikawaza, juu ya meza yake. Papa Ilunga akipona leo, jioni mkewe atataka kumfurahisha, naye atafungua kopo.

Nikaingia. "Mama Ngalula, haiko yeye. Njo miye."

Nikamwonyesha yai. Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Kambo yangu, mama ya mama, alikuwa anatengeneza hii kule kwetu," akasema. "Kasongo. Nguvu yote ya majani inashuka na mayi mu chungu. Ile nguvu njo potassium yenyewe. Ulimunyima mutu ndizi moja, ukamupa shamba nzima mu kijiko!"

Akamweleza daktari, akarudi, akapiga goti mbele ya Mama Numbi, yeye mkubwa wa chumba, akamwomba msamaha. Na mimi nilimwomba, kwa ajili ya kopo. Habari za mlangoni sikuzitaja.

Mashine ilinguruma asubuhi yote. Nilikaa kwenye benchi pamoja na Mama Numbi, na jikoni wengine walipika. Saa ya nne ya mashine ilipopita tulisikia sauti kutoka kitandani, nzito lakini yake kabisa:

"Kasongo! Mayayi yangu alikula nani?"

Chumba kizima kilicheka. Mimi nililia. Mama Ngalula hakufanya hili wala lile. Aliniita pembeni kunipa adhabu yangu. Niliitegemea barua ya kufukuzwa. Akasema: "Kuanzia Alhamisi, utakaa pa kitanda cha Papa Ilunga na sahani yako. Kile anakula, unakula. Bila chumvi. Siku utamaliza sahani na furaha, nitajua umejifunza kupika."

Hivyo ndivyo desturi ya jiko letu ilivyoanza, vijana, ya mpishi kula na watu wa mashine. Wengi mnadhani ni heshima. Ilikuwa kifungo.

Alhamisi ya kwanza tulitafuna wawili, tukitazamana kama ng'ombe wawili. "Unaona?" akasema Papa Ilunga, na kwa mara ya kwanza nikaona. Ulimi wangu ulipoteseka, mikono ilianza kufikiri. Kitunguu, ukikiacha kwenye mafuta kidogo juu ya moto mdogo mpaka kiwe cha rangi ya asali, kinafanya nusu ya kazi ya chumvi. Kitunguu saumu na pilipili kidogo zinafanya robo nyingine. Limau hukamuliwa mwishoni, moto ukishazimwa. Nilitumia ute wa mayai mawili na kiini kimoja. Mkate nilimwomba mwokaji auoke bila chumvi, akadhani nimemtukana, tukabishana majuma mawili. Mkate huo ni mkavu wa ladha, lakini ukiuchoma juu ya makaa unapata harufu ambayo humfanya mtu asahau. Uji nilipika wa mchele, kwa maji, na mdalasini. Tunda lilikuwa kipande kimoja chembamba cha nanasi, na mwenye kuomba cha pili nilimwonyesha Mama Ngalula.

Na chungu cha mama nilikichukua, sikukivunja. Niliwaza: kama maji yanaitoa ile nguvu kwenye majivu, si yataitoa na kwenye kiazi kitamu? Nilimuuliza Mama Ngalula kwanza. Nilikuwa nimeshapata akili. Akasema ndiyo, kiasi. Kwa hiyo viazi humenywa, hukatwa vidogo, hulowekwa kwenye maji mengi, maji yanamwagwa, vinachemshwa kwa maji mengine mengi, nayo yanamwagwa kupitia chungu kile chenye matundu. Vinabaki vipande vichache ambavyo mtu wa mashine anaweza kula siku ya mashine, siyo kila siku, na siyo sahani nzima. Mama yangu alipoona maji yanamwagwa alilalamika kwamba natupa chakula na kubakiza mizizi. Nilimwambia ndivyo hasa.

Papa Ilunga alirudi kunenepa, kunenepa kwa kweli, ambako hata mizani ilikubali. Siku nilipomaliza sahani yangu na kutazama yake kama imebaki kitu, Mama Ngalula aliniona, akasema kifungo kimekwisha. Nikasema nitaendelea. Tulikula pamoja miaka, Jumatatu na Alhamisi. Jambo moja tu lilinikera: hakunipa katode. "Shaba chafu," alisema kila mara, akipangusa sahani mpaka inang'aa. "Shaba chafu, lakini inakaribia." Nilibadilisha moto, nilibadilisha kitunguu, nilijaribu majani ya vitunguu, nilijaribu binzari. Shaba chafu. Moyo wake ulichoka mwishoni, siyo kwa chakula, na Alhamisi yake ya mwisho alisema vile vile, akacheka, akafunga macho. Nilipika kwenye matanga yake nikiwa na hasira naye kidogo, na huzuni ambayo haijaisha hata leo ninapoandika.

Sasa hili la mwisho, ambalo limetokea nikiwa tayari nimestaafu. Jumapili iliyopita Mama Numbi alikuja kutoka Kamalondo kunipongeza kwa kupumzika. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini mdomo ni ule ule. Mkono wangu haujui kupika kingine kwa mgeni wa asubuhi, kwa hiyo nilimkaangia yai, na kitunguu cha rangi ya asali, na mkate wa makaa. Na alipokuwa anakula, sijui kwa nini siku hiyo, mdomo wangu ulifunguka.

"Mama Numbi, ile siku ulilia. Nalikuwa pa mulango. Nalijua kama iko kopo yangu. Nikanyamaza, nikarudia nyuma, nikakuacha ugombezwe. Sikukwambiaka. Unisamehe."

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Na sinia yako. Ulirudia nyuma hatua mbili, kisha ukaingia. Jioni nikamwambia Papa Ilunga." Akapangusa sahani na mkate, kama mumewe. "Kisha, ulipojua kupika, ye alisema, mayayi ya Kasongo iko katode tangu zamani. Mupishi njo iko shaba chafu. Atakuwa katode siku atasema mwenyewe. Akanikataza nisikusaidie."

Nikakaa chini. Miaka yote ile ya binzari.

Mama Numbi akaweka uma. "Katode," akasema.

Nikamwambia aksanti, nikanyoosha mkono nichukue sahani nimuongezee.

"Haiko mayayi ninasema, ninasema weye," akanishika mkono. "Mayayi, leta chumvi. Miye figo yangu iko muzima."